Usiku Umewekewa Bei

Kazi yangu ni kufunga siku. Naingia zamu saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi, na katikati ya hapo nahakikisha kwamba kwenye kompyuta za hoteli jana imekwisha na leo imeanza. Kila chumba kilicholaliwa kinatozwa bei ya usiku huo pamoja na kodi, ambayo huku kwetu Kaunti ya Orange, Florida, ni asilimia 12.5: asilimia 6.5 ya mauzo na 6 ya utalii. Waliohifadhi vyumba wasitokee wanaandikwa hivyo. Kadi za benki zilizokataa zinapangwa kwenye karatasi ya meneja wa asubuhi, aamkie hizo. Cheo chenyewe kinaitwa mkaguzi wa usiku, ingawa ukikaa nacho muda mrefu unajikuta unakagua nyuso za watu zaidi ya hesabu.

Hoteli ipo Orlando, ubavuni mwa bustani za burudani za Walt Disney World. Si mali ya Disney, ila ilikuwa miongoni mwa zile ambazo wageni wake walipewa haki ya kuingia bustanini saa ambazo watu wengine wamefungiwa nje. Mpango huo uliitwa Extra Magic Hours na ulianza katikati ya miaka ya 2000. Bustani 4 za hapo, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, zilipeana zamu: leo hii inafunguliwa saa moja kabla ya umma, kesho ile inabaki wazi baada ya umma kuondoka. Anayelala hotelini anaonyesha kitambulisho chake, anaendelea kupanda michezo. Mwanzoni nyongeza ya usiku ilikuwa ya saa 3. Msimu wa watu wengi, Magic Kingdom ikifungwa saa sita usiku, mgeni wa hoteli alikuwa na ruhusa ya kuzunguka humo hadi saa tisa. Baadaye saa 3 zikawa 2. Leo, kwa wageni wa hoteli kama yetu, za usiku hazipo kabisa.

Habari hizi mtu mwingine angezisoma kwenye tangazo. Mimi nilizipata kwenye saa yangu ya kazi. Mfumo wa kompyuta ukianza kufunga siku, kwa dakika kadhaa hakuna linalofanyika: huwezi kumtengenezea mgeni kadi mpya ya mlango, huwezi kumuuzia hata chupa ya maji ukaiweka kwenye bili ya chumba. Kwa hiyo mkaguzi mwenye akili haanzi kufunga hadi basi la mwisho la wageni limerudi. Zamani nilikuwa nabonyeza kitufe baada ya saa tisa. Halafu ikawa saa nane na kitu. Sasa hivi, usiku mwingi, saa saba siku yangu imeshazikwa, na nakaa na karatasi zangu nikisikiliza mashine ya barafu ikijimwagia yenyewe.

Basi la saa tisa lilikuwa na taratibu zake. Kwanza inasikika pumzi ya breki nje ya mlango, kisha kunaingia vigari vya watoto, vimekunjwa nusunusu, vikisukumwa na mama ambaye hana tena haja ya kutabasamu kwa adabu. Nyuma yake baba, mtoto begani, mguu mmoja wa mtoto una kiatu na mwingine hauna. Baba anakuja kaunta moja kwa moja. Ninajua anachotaka kabla hajafungua mdomo: plasta za malengelenge, maziwa, na kuuliza kama kesho anaweza kutoka chumbani saa nane mchana badala ya saa tano asubuhi. Plasta nilikuwa naweka pembeni ya simu, boksi zima. Maziwa nilikuwa nachukua kwenye friji ya jikoni ya kifungua kinywa na kuandika kwenye daftari. Na la tatu nilikuwa najibu, "Tutaangalia asubuhi," nikijua kwamba asubuhi hatakuwa na nguvu za kushuka kudai.

Watu hao walikuwa wamechoka kupita kiasi na walikuwa na furaha. Nimefanya kazi hotelini Diani kabla ya kuja huku, nimeona wageni wa kila aina wakirudi usiku, na ninaijua tofauti ya mtu aliyelewa na mtu aliyeridhika. Yule baba alikuwa amepanda Space Mountain mara kadhaa mfululizo na mwanawe mkubwa bila foleni ya maana, baada ya kutwa nzima ya kusimama juani saa nzima kwa mchezo wa dakika tatu. Ndicho alichokuwa amekilipia, na alijua.

Wasioijua Florida hudhani usiku ni starehe ya watu wasiotaka kulala. Waje Julai. Joto linafika nyuzi 33 na unyevu wake ni wa kukamua shati. Alasiri mawingu yanajikusanya karibu kila siku, radi inaanza, na michezo yote ya nje inasimamishwa hadi ipite. Watu elfu kadhaa wanajibanza kwenye vibaraza vya maduka na makoti ya mvua ya plastiki. Mvua ikikatika lami inafuka mvuke. Ni baada ya jua kuzama ndipo mtu anapumua. Mtu wa Mombasa haelezwi hili. Tumezoea kuona mji mzima ukihamia ufukweni Mama Ngina jioni, na hakuna anayeuliza kwa nini hawakwenda saa nane mchana. Ukimwondolea mgeni wa Orlando saa za usiku, umemwachia zile za jua kali na radi, kwa bei ileile ya tiketi.

Kuna jambo jingine ambalo linaonekana vizuri ukiwa kaunta kuliko ukiwa ofisini kwa wapanga ratiba, nalo ni saa ambayo mwili wa mgeni umetoka nayo kwao. Waingereza wakifika, siku za mwanzo wanaamka saa tisa au kumi alfajiri. Kwao tayari ni asubuhi iliyokomaa. Wanashuka na kandambili wakiomba birika la umeme na majani ya chai, na ukiwaambia kwamba bustani inafunguliwa mapema wanakushukuru kama umewapa zawadi. Mtu wa California yuko kinyume. Saa tatu asubuhi yetu ni saa kumi na mbili alfajiri yake. Huyo umwambie habari za kuingia mapema, atakuangalia kwa huruma. Usiku ndio ulikuwa wake. Nao vijana wa Brazil, wanaokuja kwa makundi Januari na Julai na fulana za rangi moja na kiongozi mwenye kijibendera, chakula chao cha jioni kinaanza saa ambayo familia za hapa zinaswaki meno. Saa za ziada za asubuhi na za usiku hazibadilishani. Zinahudumia watu tofauti.

Kilele cha usiku nilikiona 2013. Tarehe 24 Mei Magic Kingdom ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na haikufungwa hadi saa kumi na mbili ya asubuhi iliyofuata, saa 24 kamili. Walikuwa wamefanya hivyo pia 29 Februari 2012, siku ya mwaka mrefu, na wakarudia Mei 2014 na Mei 2015. Alfajiri ya tarehe 25 nilikuwa nahesabu sahani za kifungua kinywa pale walipoanza kuingia. Wengine walikuwa na nguo za kulalia, makusudi kabisa, na masikio ya Mickey juu yake. Mlangoni walipishana na familia zinazotoka kwenda siku yao ya kawaida, zimepakwa mafuta ya jua, na pande zote mbili zilitazamana kwa namna ya kuhurumiana. Dereva wa basi, Mhaiti mmoja mwenye maneno machache, aliniambia abiria wake wa mwisho walilala wote, akabaki anaongea na redio. Tangu 2015 hawajafanya tena.

Machi 2020 bustani zikafungwa kwa sababu ya korona. Zikafunguliwa tena Julai, kwa masharti, bila fataki, na bila Extra Magic Hours. Septemba mwaka ule kampuni ikatangaza kwamba inapunguza wafanyakazi 28,000 katika bustani na biashara zake za Marekani. Hakuna aliyekuwa na sura ya kuuliza habari za saa za usiku wakati jirani yake anafungasha. Tulingoja.

Jibu lilikuja Oktoba 2021, bustani zikiadhimisha miaka 50. Likawa na sehemu mbili. Ya kwanza: wageni wa hoteli zote zinazohusika, ya bei rahisi kwa ya bei ghali, wanaingia bustani yoyote kila siku dakika 30 kabla ya wengine. Ya pili: saa 2 za ziada usiku, usiku teule tu, kwa kawaida EPCOT Jumatatu na Magic Kingdom Jumatano, na ni kwa wageni wa hoteli za daraja la juu pekee. Contemporary, Polynesian, Grand Floridian na wenzao. Aliyelala All-Star au Pop Century, hoteli za Disney kwelikweli lakini za bei ya chini, hana. Wageni wetu nao hawana.

Katika orodha ya walionacho imo Animal Kingdom Lodge, hoteli ambayo jengo lake moja linaitwa Jambo House na jingine Kidani Village, bwawa lake Uzima, duka lake Zawadi, mikahawa yake Boma, Jiko na Sanaa. Twiga wanakula majani chini ya roshani. Nilicheka peke yangu nilipoisoma orodha ile. Lugha yetu imo ndani ya geti, na mimi nipo nje ya geti nawaeleza watu kwa Kiingereza kwa nini hawaruhusiwi kuingia.

Maelezo yaliyotolewa kuhusu zile dakika 30 yalikuwa kwamba zitasaidia kutawanya watu katika bustani zote 4, wasirundikane kwenye ile moja yenye zamu ya ziada. Hilo ni kweli, na nitalitetea mbele ya mgeni yeyote. Zamani bustani yenye saa za ziada ilikuwa inafurika kutwa nzima, kila mtu akijiwekea nafasi ya usiku. Ila fikiria na gharama. Nusu saa kabla ya kufungua, waendesha michezo wameshafika, mitambo imeshajaribiwa, taa zimeshawashwa. Kumruhusu mgeni aingie hapo hakuhitaji mtu mpya hata mmoja wa maana. Saa 3 za usiku ni zamu nyingine nzima: waendeshaji, wauzaji, wafagiaji, walinzi, madereva, na wote wanalipwa, ilhali yule baba mwenye mtoto begani hanunui tena kitu saa nane usiku isipokuwa maji.

Isipokuwa umuuzie ule usiku wenyewe. Mwaka 2016 ilianza tiketi ya pekee iitwayo Disney After Hours. Dola 149 kwa mtu, Magic Kingdom ikishafungwa, kwa muda wa saa 3, idadi ya watu imewekewa kikomo, aiskrimu na soda ndani ya bei. Nilipoona kipeperushi nilihesabu kwa vidole: saa 3 baada ya kufunga. Ni zilezile nilizokuwa nazijua mimi, zile ambazo mgeni alikuwa anazipata kwa sababu tu amelala hotelini.

Kisha kuna sherehe. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba ni ya Halloween, Novemba na Desemba ni ya Krismasi, usiku kadhaa kila wiki. Siku ya sherehe Magic Kingdom inafungwa kwa mwenye tiketi ya kawaida saa kumi na mbili jioni. Mwenye tiketi ya sherehe, ambayo kwa mtu mmoja mara nyingi hupita dola 100 juu ya kila alicholipa, anabaki hadi saa sita usiku na fataki zake maalumu. Asiye na bangili ya sherehe anaelekezwa geti la kutokea, kwa adabu sana. Watu wengi hawakujua walipokuwa wanakata safari. Nikiingia zamu saa tano nawakuta kwenye sofa za mapokezi, wameshakula piza, wameshaogelea hadi bwawa likafungwa, watoto bado wana petroli ya kutosha. Mmoja aliniuliza, bila hasira, kama kuna mahali pengine pa kwenda na mtoto wa miaka sita saa hiyo. Mitaa ile hakuna. Nilimpa karata.

Ndiyo maana sikubali wanaposema usiku umepunguzwa. Taa za bustani zinawaka usiku mwingi wa mwaka kama zamani, michezo inazunguka, na barabara inayopita mbele yetu ina magari saa saba. Kilichobadilika ni nani aliyemo. Zamani ulikuwa ndani ya bei ya chumba, sasa una bei yake, na bei hiyo unailipa kwa njia mojawapo ya mbili: kwa tiketi ya pili, au kwa kulala hoteli ambayo usiku wake mmoja unatosha siku kadhaa za Pop Century.

Upande wa wafanyakazi haunyooki kirahisi hivyo. Niliwahi kuishi Kissimmee nyumba moja na kijana aliyekuwa anaendesha michezo. Bustani ikifungwa saa tisa, yeye hatoki saa tisa. Kuna kuhesabu, kupanga minyororo ya foleni ya kesho, kutembea hadi chumba cha nguo, kungoja basi la wafanyakazi hadi maegesho. Mabasi ya umma ya LYNX usiku ni ya kubahatisha. Akifika kulala kumeshapambazuka. Saa zilipopunguzwa alifurahi wiki ya kwanza. Ya pili ilipofika karatasi ya mshahara akanyamaza, maana ratiba yake nayo ilikuwa imefupishwa. Vyama vya wafanyakazi vya pale vilipigania kima cha chini hadi kikafika dola 15 kwa saa 2021, na mkataba wa 2023 ukakipandisha hadi 18. Ni ushindi mkubwa, nami siusemi vibaya. Lakini kima hicho kinazidishwa kwa idadi ya saa, na idadi ya saa haimo mkononi mwako.

Mafundi wa usiku nao wana hoja ambayo wageni hawaitaki kuisikia. Kati ya mgeni wa mwisho kutoka na wa kwanza kuingia ndipo reli zinakaguliwa, rangi inapakwa, bustani zinapandwa maua mapya, njia zinaoshwa kwa mipira ya maji. Ukifunga saa tisa na kufungua saa moja asubuhi, umemwachia fundi dirisha dogo mno. Huyo anafurahia kila saa iliyorudishwa, na akiwa na haki ya kuzungumza hadharani angeshinda mjadala.

Kwetu hotelini mabadiliko yalikuja kwa sura nyingine. Zamani tulikuwa wawili kaunta usiku. Waajiri walipoona basi la mwisho linarudi mapema wakasema mmoja anatosha. Hawakuhesabu simu za kelele. Mtoto aliyerudi saa tisa hana sauti. Mtoto aliyetolewa bustanini saa kumi na mbili jioni anakimbia koridoni saa tano na nusu, na wa chumba cha chini anapiga simu kwangu. Mama mmoja wa Bukavu anayesafisha sehemu za wazi usiku aliligundua kabla yangu. Alikuja na ndoo yake akaegemea kaunta.

"Ndugu yangu, hawa watu zamani walikuwa wanalala njiani, mimi napiga deki kwa amani. Sasa wanakaa hapa chini mpaka saa sita. Napitisha deki wapi?"

"Mama, hata mimi wamenijazia mapokezi."

"Basi waambie wale wa bustani wawachukue tena."

Tangu siku ile anaanzia deki korido za juu na kumalizia mapokezi, kinyume cha ratiba iliyobandikwa, na msimamizi hajagundua.

Wageni wenyewe, wenye uzoefu, wameshapata njia yao. Nilianza kuiona kwenye taarifa zangu za usiku kabla sijaielewa: familia zinazokaa kwetu kuanzia Jumamosi na kutoka Jumatano asubuhi, halafu zinaacha mizigo kwetu mchana. Wanakodi usiku mmoja tu, wa Jumatano, kwenye hoteli ya daraja la juu, wanaingia Magic Kingdom na haki ya usiku, wanaondoka Alhamisi. Mmoja alinionyesha hesabu yake kwenye simu: usiku mmoja wa bei mbaya kule, kwa watu wanne, ulikuwa nafuu kuliko tiketi nne za After Hours, na una kitanda ndani yake. Nilipitia mara mbili, ni kazi yangu, na ilikuwa sahihi. Sasa usiku wa kuamkia Jumatano natoa bili zao mapema, naziweka kwenye bahasha kwa herufi, na lebo za mizigo naziandika kabla hawajashuka, kwa sababu yule wa zamu ya asubuhi naye yuko peke yake.